Mgongo wa Mwalimu

Uongo wenyewe ulianza bila kupangwa. Asubuhi moja seremala wa jirani aligonga mlango akimtaka Mwalimu amsomee barua ya mkataba, na Mama Pindo, akiwa na pini nne mdomoni na gauni la mtu magotini, akajibu pasipo kufikiri: "Mwalimu hajiwezi leo. Mgongo."

Angesema kichwa, mambo yangeisha kwa vidonge viwili. Angesema tumbo, watu wangeuliza amekula nini wakaenda zao. Lakini mgongo! Kila mtu mzima ana mgongo, na kila mwenye mgongo ana dawa yake. Kabla jua halijafika utosini seremala alikuwa amerudi na ubao wa kuweka chini ya godoro, ameupiga randa pande zote mbili. Kesho yake mwenye duka wa ng'ambo ya barabara akaleta mafuta ya kuchua yenye harufu ya kufukuza nyuki. Siku ya tatu ukaja mto wa mchanga, mkanda wa kiunoni, na fimbo ya kutembelea iliyokuwa ya marehemu babu wa mtu. Mama Pindo akapokea vyote, akashukuru kwa vyote, akavirundika nyuma ya mlango.

Mwenye mgongo alikuwa chumbani, amelala akitazama ukuta, na mgongo wake, Mungu ashukuriwe, ulikuwa mzima kama chuma cha reli.

Mwalimu alikuwa amefundisha jiografia miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu. Alikuwa mtu wa kuamka kabla ya majogoo, kunyoa ndevu huku akiimba, na kupiga pasi suruali mpaka mkunjo wake ungeweza kukata mkate. Kisha, taratibu, kama taa inayoishiwa mafuta, akaanza kufifia. Kwanza aliacha kuimba. Halafu akaacha kunyoa. Halafu gazeti likawa linalala mezani bila kufunguliwa. Mwezi wa tatu akaacha kutoka chumbani isipokuwa kwenda msalani. Hakuwa na homa, hakukohoa, hakulalamika. Ukimuuliza anataka nini, anasema "Sitaki kitu," kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na hilo jina la Mama Pindo alipewa na wateja kwa sababu ya msemo wake. Ukimletea gauni lililoungua au sketi iliyotobolewa na panya, ataigeuza huku na huku, ataguna, kisha atasema, "Hakuna aibu isiyofichika kwa pindo." Na kweli alikuwa hodari. Alishakunja pindo juu ya doa la wino, juu ya tundu la sigara, na mara moja, kwa marinda ya ziada, juu ya tumbo la bibi harusi ambalo halikupaswa kuwepo. Sasa alikuwa anamkunjia pindo mumewe.

"Anaendeleaje mzee?"

"Mgongo tu. Unaachia kidogo kidogo."

Hata watoto wao wawili, waliokuwa wakiishi mbali, kila mmoja na kazi na familia yake, waliambiwa mgongo. Mwezi ukapita, wa pili ukaingia, na mgongo wa Mwalimu ukawa na historia ndefu kuliko ya ufalme.

Kitu alichokiogopa hasa Mama Pindo hakukitamka hata alipokuwa peke yake. Neno lenyewe lilikuwepo mtaani, jepesi midomoni mwa watu, tena la kuchekesha, mradi tu limhusu mtu wa nyumba nyingine. Kichaa. Yeye mwenyewe alilitumia mara ngapi? Mteja akibadilisha kola mara tatu: "Huyu mama ni kichaa, nini?" Sasa akilisikia linapita dirishani, hata kama ni watu wanamtania mwenzao, sindano inamchoma kidole.

Basi, Jumatatu moja Nesi akaja na daftari kwapani. Alikuwa Nesi wa kliniki ya kata, mwanamke mwembamba mwenye kicheko kikubwa kuliko mwili wake, na nje ya kazi alikuwa na kikundi cha maigizo. Watu tisa wa mtaani, hakuna hata mmoja aliyesomea uigizaji. Walifanya mazoezi kila jioni, saa kumi na moja, kwenye ukumbi wa kata, nyumba tatu tu kutoka kwa Mama Pindo.

"Mama, safari hii nataka mavazi ya kweli," Nesi alisema. "Mwaka jana tuliigiza mambo ya kunawa mikono. Aliyekuwa mdudu wa kuharisha alivaa shuka jeupe, watu wakadhani ni malaika. Wakampigia makofi."

"Na mwaka huu mnaigiza nini?"

"Soma mwenyewe, ndiyo utajua nani avae nini."

Mama Pindo akavaa miwani, akasoma. Kulikuwa na mume asiyetoka kitandani, mke, na majirani wanaokuja kujulia hali. Ukurasa wa pili mke anamwambia jirani, "Ni uchovu wa kazi tu." Ukurasa wa tatu anashusha pazia mchana kweupe. Ukurasa wa tano anajifungia jikoni na kung'ata ncha ya kilemba chake ili asisikike akilia.

Mama Pindo akashika ncha ya kilemba chake. Ilikuwa na alama za meno.

"Nani amekuambia?" akauliza, sauti baridi.

"Ameniambia nini, mama?"

"Usinichezee, mwanangu. Nani alichungulia dirishani kwangu? Ni Redio?"

Redio ndiye yule mwenye duka wa ng'ambo, mleta mafuta ya kuchua. Alipata jina hilo kihalali. Habari ikiingia dukani kwake asubuhi na mteja wa sabuni, adhuhuri imeshafika mwisho wa mtaa ikiwa imenenepa.

Nesi hakucheka. "Mama, niliandika kutokana na watu wanaokuja kliniki, na si mmoja. Wewe ni wa nne kuniuliza nani kaniambia. Wa kwanza alikuwa msusi wetu, anayeigiza mke. Wa pili sitamtaja. Wa tatu ni mama yangu mzazi."

Mama Pindo akafunga daftari. "Basi mimi simo. Mume wangu ana mgongo."

"Nimesikia," Nesi alisema kwa adabu. "Mpe pole."

Mavazi alikubali kushona. Kazi ni kazi. Akawa anakwenda ukumbini jioni na kikapu chake, anakaa pembeni, anapima mabega na viuno huku mazoezi yakiendelea. Aliyeigiza mume mgonjwa alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, jitu la miraba minne lenye moyo wa kuku, aliyeamini kwamba ugonjwa usiosikika si ugonjwa. Kila Nesi alipopiga makofi kuanza, Mchomeleaji alijitupa juu ya benchi na kuanza: "Uuuuwi! Uuuuuuuwi!" mpaka benchi nalo likalia. Redio aliigiza jirani mbea. Yeye hakupewa cha kukariri. Nesi alimwambia tu, "Wewe, dada, ingia."

Siku ya kwanza Mama Pindo alicheka mpaka akaangusha futi ya kupimia. Alipokuwa njiani kurudi nyumbani akajiuliza mara ya mwisho alicheka lini, akamkumbuka aliyelala kule chumbani ambaye hakucheka naye, akaharakisha mwendo.

Zikiwa zimebaki wiki mbili, msusi akapata kazi kwenye saluni kubwa ya mji mwingine, akaaga, akaondoka. Nesi akasimama katikati ya ukumbi akiwatazama watu wake mmoja mmoja, na mmoja mmoja wakatazama sakafu.

"Mnahangaika nini?" Redio akasema. "Si huyu hapa? Yule msusi maneno yalikuwa hayamkai kichwani. Jana alikuwa anafungua mdomo tu, sauti ikitoka kwa Mama Pindo pale kwenye kikapu."

"Mimi ni fundi," alisema Mama Pindo.

"Na sisi tunatafuta fundi."

Akakataa mara tatu. Lakini gauni la mke lilikuwa limeshashonwa, kitambaa kimekwisha, na hapakuwa na mwingine ambaye lingemwenea. Yeye lilimwenea, mradi afungue mishono ya pembeni kidogo. Kidogo tu, alisisitiza. Redio, aliyeshika futi, alisoma tarakimu na hakusema neno, jambo ambalo kwake ni muujiza.

Nyumbani alimwambia Mwalimu kuwa kazi ya kushona imeongezeka. Mwalimu akasema "Sawa" kwa ukuta.

Maneno ya mke akawa anayarudia mchana, akipiga pasi kwenye chumba cha kazi. Jumatano alikuwa anaiambia kola ya shati la mtu: "Asante kwa kuja, jirani, lakini leo hapokei wageni. Ameshindwa kuamka."

"Kuinuka," ikasema sauti.

Mama Pindo akageuka. Hapakuwa na mtu.

"Kuamka ameamka," sauti ikaendelea, kavu kama mlango wa kabati lililofungwa siku nyingi. Ilitoka upande wa pili wa ukuta. "Macho yako wazi tangu alfajiri. Tatizo si kuamka. Ameshindwa kuinuka. Mwambie aliyeandika."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyoyasema kwa wiki saba, na yalikuwa masahihisho. Mama Pindo alifikiri, na hapo hapo akajionea haya kwa kufikiri, kwamba ni mwalimu peke yake anayeweza kutoka kaburini kwa ajili ya kitenzi. Akasimamisha pasi, dakika moja kabla ya kola kuwa mkaa, akaenda akasimama mlangoni.

"Kumbe unasikia yote?"

"Ukuta ni mbao." Hakugeuka. "Na ukumbi hauko mbali. Yule anayelia kila jioni kama geti lisilotiwa grisi, ndiye mimi?"

"Si wewe. Ni mtu tu wa kwenye igizo."

"Ana nini?"

"Uchovu wa kazi."

"Yeye uchovu, mimi mgongo." Ndevu zikatikisika kidogo, hakujua kama ni kicheko au kitu kingine. "Seremala alikuja dirishani juzi. Akaniuliza kama ule ubao umenisaidia. Nikamwambia umenisaidia sana. Mke wangu, umenifanya mwongo nikiwa nimelala."

Mama Pindo akakaa ukingoni mwa kitanda. Alitaka kuomba msamaha, lakini hasira iliwahi, kama inavyowahi mara nyingi baina ya watu waliooana.

"Sasa ulitaka niseme nini? Eh? Niambie wewe uliyesoma. Niwaambie watu una nini?"

Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni.

"Sijui," Mwalimu alisema. "Ningejua jina lake ningekuambia wa kwanza."

Kesho yake jioni Mama Pindo alimvuta Nesi nje ya ukumbi, akayasema yote kwa pumzi moja, kama mtu anayetema mfupa. Nesi hakushangaa hata kidogo, na hilo lilimuudhi. Ijumaa akaja nyumbani, akakaa kwenye kiti kando ya kitanda. Mwalimu alimjibu kwa heshima, kama mtu anayefanyiwa usaili wa kazi asiyoitaka. Tangu lini? Usingizi je? Chakula? Kuna siku unaona heri usingekuwepo? Hapo Mwalimu alikawia, kisha akasema, "Kuwepo kunanichosha. Zaidi ya hapo sijafika." Mama Pindo, aliyekuwa mlangoni na sinia la chai, alishika fremu.

"Huu ni ugonjwa, Mwalimu," Nesi alisema. "Una jina. Sonona. Na una matibabu."

"Sonona," Mwalimu akarudia polepole, kama mtu anayeonja chai kujua kama imetiwa sukari.

Walikubaliana aende kliniki Jumanne. Jumanne akafika mpaka kwenye soksi. Soksi moja mguuni, nyingine mkononi, akarudi kulala. Mama Pindo alihuzunika, lakini tuseme kweli, kwa kuwa yeye mwenyewe aliikiri baadaye: kasehemu kadogo ka moyo wake kalishusha pumzi. Njia ya kliniki ilipita mbele ya duka la Redio.

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa mpaka watu wakakalia madirisha. Seremala alikuwa mstari wa mbele na shati la kanisani. Igizo liliitwa "Leo Hapokei Wageni," na lilianza vizuri. Mchomeleaji alilia watu wakavunjika mbavu. Mama Pindo, ndani ya gauni lile lililofunguliwa mishono, alishusha pazia pale panapotakiwa, akapanga vikombe pale panapotakiwa. Jirani mbea akagonga. Redio, mikono kiunoni: "Mama weee! Siku ya ngapi leo simwoni mumeo? Ana nini?"

Na Mama Pindo, aliyejua kila neno, aliyemtamkia msusi maneno yake wiki nzima, akafungua mdomo na mdomo ukafuata njia uliyoizoea.

"Mgongo tu," akasema. "Unaachia kidogo kidogo."

"Ajaribu ubao!" akapaza sauti seremala.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Halafu kicheko kikaanza kupungua, kwa mafungu, kama mvua inayohama mtaa. Watu wakatazamana. Aliyetoa mkanda wa kiunoni akamtazama aliyetoa mto wa mchanga. Seremala alibaki mdomo wazi, akipiga hesabu usoni. Mama Pindo akasimama na kikombe mkononi akitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na gauni.

Nesi akapiga makofi mawili. Ilikuwa ndiyo desturi ya kikundi: panapokwama, anasimamisha igizo na kuwauliza watazamaji. "Tusimame hapo! Huyu mama amekwama. Nani angefanya vingine? Mikono juu."

"Amwagie maji," mmoja akasema.

"Ampeleke kwa ndugu zake wakamwangalie."

"Aolewe na mwingine!" Vicheko.

"Mkono ule kule mlangoni," Nesi akasema, kisha sauti yake ikabadilika. "Mwalimu. Karibu."

Vichwa vikageuka vyote pamoja. Mwalimu alikuwa amesimama kwenye mlango wa ukumbi, ndevu zimefunika shingo, koti la kazini juu ya fulana ya kulalia, ndala miguuni. Mkono wake ulikuwa juu, umenyooka, ukingoja kuruhusiwa, kama alivyowangojesha wanafunzi wake miaka thelathini na mmoja.

"Nina sahihisho," alisema.

Akapita katikati ya watu. Macho yote ya ukumbi yaliufuata mgongo ule ulionyooka kama rula.

"Kijana wangu," akamwambia Mchomeleaji, "unajitahidi sana. Lakini unapiga kelele mno. Mtu mwenye nguvu za kulia hivyo angeshapika chai."

Mchomeleaji akainuka kwenye benchi, akampisha, akasimama pembeni na mikono yake mikubwa asijue aiweke wapi. Mwalimu akakaa. Akavua ndala moja, akaiweka mbele ya mguu wake, akaitazama. Akaitazama muda mrefu, mpaka watu wakaanza kuitazama nao.

"Hivi," alisema. "Asubuhi nzima. Mguu hauumi. Kiatu unakiona, unajua kinavaliwaje, umekivaa maisha yako yote. Na huwezi. Halafu unaona aibu, kwa sababu ni kiatu tu. Aibu nayo ina uzito wake." Akaigusa ndala kwa kidole cha mguu. "Leo nimetumia saa tatu kufika hapa. Si mbali, mnapajua kwangu."

"Mama watoto," akasema bila kuinua uso, "ingia tena. Lakini safari hii usiongee na jirani. Ongea na mimi."

Daftarini hapakuwa na maneno hayo. Mama Pindo akatua kikombe. Mikono yake haikuwa na sindano, wala pasi, wala kitambaa cha kukunja. Akapiga hatua tatu, na katika hatua hizo tatu ikamjia kwamba kwa miezi mitano amemuuliza huyu mtu kama amekula, kama ataoga, kama amfungulie dirisha, na hajawahi kumuuliza lile swali ambalo hata mtoto aliyeanguka huulizwa kwanza.

"Unaumwa wapi?" akauliza.

Mwalimu akainua uso. "Sina pa kuonyesha."

"Basi sogea." Akakaa. Benchi lililozoea kumbeba mchomeleaji mmoja likawabeba wote wawili vizuri. "Tukae kwanza. Nitakuuliza tena kesho."

Sasa, mahali hapo ndipo Redio alipotakiwa kurudi kwa kishindo na kusema, "Nimeyasikia ya mumeo, mtaa mzima unayajua!" Na Redio si mtu wa kupoteza nafasi ya kuingia. Akaingia. Akaweka mikono kiunoni. Mdomo ukafunguka, na kwa mara ya kwanza tangu anunue lile duka, hakikutoka kitu. Mikono ikateremka.

"Mama yangu hajasafiri," alisema, kwa sauti ambayo mtaa haukuwahi kuisikia.

Miaka kumi na moja kila aliyemuuliza habari za mama yake aliambiwa yuko kwa ndugu. Kumbe miaka minne ya kwanza alikuwa chumba cha nyuma ya duka, nyuma ya magunia ya sukari, na iliyofuata alikuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, mji wa pili. Kila mwisho wa mwezi Redio alibeba mfuko akaaga anakwenda kununua bidhaa. Yeye aliyetangaza ndoa za watu kabla ya maharusi kuafikiana, hilo hakulitangaza kamwe.

"Yuko hai," akasema. "Anaimba vizuri kuliko mimi. Nilitaka mjue tu." Akajifuta uso kwa kiganja, akavuta pumzi, na Redio waliyemzoea akarejea. "Na msinizonge hapa. Anayetaka kuuliza aje dukani kesho, na anunue kitu."

Watu wakacheka huku wakipenga kamasi. Igizo lilikuwa limebakiza kurasa nne, lakini hazikuigizwa, na hakuna aliyezidai isipokuwa Mchomeleaji, ambaye kilio chake kizuri kuliko vyote kilikuwa ukurasa wa tisa.

Usidhani mtaa uligeuka wa malaika kwa Jumamosi moja. Kuna mteja aliyekuja kuchukua kitambaa chake kabla hakijakatwa, akasema amebadilisha mawazo kuhusu rangi. Kuna mama aliyeanza kuvusha wanawe upande wa pili wa barabara wakifika kwa Mwalimu, kama vile sonona hurukia watu mithili ya kiroboto. Mama Pindo aliyaona hayo, yakamkata maini, akalia jikoni. Kilemba hakukigusa, akalia kwa sauti mpaka Mwalimu akaja kusimama mlangoni na kumuuliza anaumwa wapi.

Seremala naye alikuja, amejiinamia. "Mwalimu, sasa ule ubao... haukusaidia kabisa?"

"Hata kidogo. Uliniumiza mgongo."

Wakatazamana, wakacheka mpaka seremala akalazimika kushika ukuta.

Jumanne iliyofuata Mwalimu alivaa soksi zote mbili. Wakatoka pamoja, Mama Pindo akitembea upande wa duka ili amkinge, na haikusaidia kitu.

"Shemejiii!" Redio akaita kutoka nyuma ya kaunta, sauti ya kuamsha barabara nzima. "Mnakwenda kliniki?"

"Ndiyo!" Mwalimu akajibu kwa sauti ile ile ya darasani.

"Haya, msichelewe foleni! Na mimi nakuja saa nne na mama yangu, nimemrudisha nyumbani!"

Mama Pindo alidhani atazirai. Akapiga hatua moja, ya pili, ya kumi. Hakuzirai. Kwenye foleni kulikuwa na watu kumi na wawili, na saba kati yao aliwashonea nguo. Wakasalimiana wote kama watu waliokutana sokoni.

Dawa zilimpa Mwalimu kinywa kikavu na usingizi wa ajabu kwa wiki za mwanzo, na mazungumzo na Nesi yalikuwa ya kuchosha, alisema, kwa kuwa yule binti anauliza kisha anangoja jibu. Muujiza haukutokea. Kulikuwa na siku za kunyoa na siku za kutonyoa. Lakini ndevu zilipoondoka, alijiunga na kikundi kama msimamizi wa lugha, na hapo ndipo wenziwe walipojua taabu ni nini. Alisimamisha mazoezi kwa sababu ya kiambishi. Alimrudisha Mchomeleaji kwenye sentensi moja mara kumi na nne, mpaka siku moja jitu lile likalipuka: "Mwalimu, kwa heshima zote, ulipokuwa umelala tulipumua!"

Mwalimu akaitafakari kauli hiyo kwa makini.

"Sarufi yake ni sahihi," alisema. "Endelea."

Miezi ya baridi ilipofika, ugonjwa ukarudi. Siku tisa hakutoka chumbani. Nesi alikuja mara mbili, akabadilisha kipimo cha dawa, akakaa naye. Mama Pindo aliendelea na kazi, na kila asubuhi aliingia na kumuuliza lile swali, akapata jibu siku nyingine, na siku nyingine hakulipata.

Siku ya saba alikuja mteja mgeni, mwanamke mnene mwenye haraka, aliyesikia sifa za cherehani. Akasimama mbele ya kioo akipimwa kifua.

"Nimeambiwa mzee wako ni mwalimu wa jiografia," alisema. "Binti yangu ana mtihani. Naweza kumwona?"

"Wiki hii hapana," Mama Pindo alisema. "Anaumwa sonona. Ilimwachia, sasa imemrudia. Akipata nafuu nitamwambia."

Akaandika kipimo cha kifua kwenye kitabu, akangoja. Mgeni alitazama mlango wa chumbani, kisha akajitazama kwenye kioo. Alionekana kutafuta la kusema, akaliokota, akaliacha.

"Pole sana," akasema mwishowe. "Mwambie nimemsalimia." Na baada ya kimya cha heshima, ambacho hakikuwa kirefu sana: "Sasa gauni langu litakuwa tayari lini?"

"Ijumaa," alisema Mama Pindo. "Nyanyua mkono nipime kwapa."